Hesabu ya Mafunjo: Thamani ya Kiuchumi ya Mito, Vinamasi na Vilima vya Migori na Homa Bay

Mto Kuja, ambao katika nyanda za juu hujulikana kwa jina la Gucha, huanzia kwenye vilima vya Nyamira na Kisii, hupita katikati ya mashamba madogo ya chai, migomba na mahindi, huungana na Mto Migori unaotoka upande wa Narok, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria kwenye tambarare za Nyatike, Kaunti ya Migori. Kila msimu wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, mto huo hubeba udongo mwekundu wa mashamba ya juu na kuushusha bondeni; na mvua inapozidi, kama ilivyotokea mwaka 2020 na tena mwaka 2024, huvunja kingo zake na kuzihamisha familia nyingi za Nyatike. Mwezi wa Mei 2020 maji ya ziwa lenyewe yalipanda hadi kuifikia na kuipita rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1964, yakafunika fuo za wavuvi na mashamba ya kando ya ziwa tangu Muhuru na Sori hadi Mbita na Kendu Bay. Gharama za matukio hayo huandikwa katika vitabu vya serikali kama misaada ya dharura: mahema, mahindi, dawa, ukarabati wa barabara na kuta za udongo za kuzuia maji. Kisichoandikwa katika kitabu chochote ni gharama ya kazi ambayo vinamasi, misitu ya kingo za mito na nyasi za vilimani zilikuwa zikiifanya bila malipo kabla hazijaondolewa.

Kazi hiyo ndiyo wanauchumi huiita huduma za mfumo ikolojia. Mfumo ikolojia ni mkusanyiko wa viumbe hai, yaani mimea, wanyama na vijidudu, pamoja na maji, udongo na hewa vinavyotegemeana mahali fulani. Na huduma zake ni manufaa yote ambayo binadamu huyapata kutokana na utegemeano huo. Manufaa mengine huonekana na kuuzwa sokoni, kama vile samaki, kuni, asali na mikeka. Mengine, ambayo ndiyo makubwa zaidi, hayana soko: kupunguza kasi ya mafuriko, kuchuja maji machafu, kushikilia udongo na kuhifadhi kaboni ambayo ingepanda angani na kuongeza joto la dunia. Kwa sababu hayana bei, mpangaji wa bajeti huyahesabu kuwa sifuri. Hapo ndipo kosa la hesabu linapoanzia, kwa maana kitu kisicho na bei sokoni si lazima kiwe hakina thamani. Mara nyingi hukosa bei kwa sababu tu hakuna awezaye kukizungushia ua na kumtoza anayekitumia.

Njia za kukadiria thamani ya namna hiyo zipo na zimetumika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 20. Ya kwanza ni gharama ya mbadala, ambapo mtaalamu huuliza ingegharimu kiasi gani kujenga mtambo wa kufanya kazi ileile inayofanywa na asili. Mfano ulio karibu zaidi na Homa Bay uko ng'ambo ya ziwa hilohilo, katika kinamasi cha Nakivubo jijini Kampala, kinachopokea majitaka ya jiji kabla hayajafika kwenye ghuba ambako Kampala huteka maji yake ya kunywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanauchumi Lucy Emerton na wenzake walikadiria kwamba kazi ya kusafisha maji inayofanywa na kinamasi hicho ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Ardhi hiyo wakati huo ilikuwa ikionwa na wengi kuwa tope linalosubiri kujazwa kifusi ili lijengwe viwanda.

Njia ya pili ni gharama iliyoepukwa, yaani hasara ambayo jamii haikuipata kwa sababu mfumo ikolojia ulikuwa mahali pake. Kwa njia hii Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, lilichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu misitu ya milimani ya Kenya, ile inayoitwa minara ya maji kwa kuwa mito mikubwa ya nchi huanzia humo. Hesabu yake haihitaji ufafanuzi mrefu: mbao na kuni zilizotokana na ukataji wa misitu hiyo ziliingiza takriban shilingi bilioni 1.3, wakati hasara iliyoupata uchumi kwa kupungua kwa maji ya umwagiliaji, umeme wa maji, uvuvi na huduma nyingine ilikadiriwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 3.6 kwa mwaka. Aliyekata mti alipata shilingi moja, na taifa likapoteza karibu tatu. Ila aliyepata na aliyepoteza hawakuwa mtu mmoja, na jambo hilo litarudi mara kadhaa katika makala haya.

Mto Kuja una ushahidi wake wenyewe, nao umekaa wazi kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1950, kampuni iliyochimba shaba na dhahabu huko Macalder ilihitaji umeme, na kwa ajili hiyo ukajengwa mtambo mdogo kwenye maporomoko ya Gogo wenye uwezo wa megawati 2. Mgodi ulifungwa mwaka 1966 lakini mtambo ukaendelea kufanya kazi. Bwawa lake, lililokusudiwa kuhifadhi maji ya mvua ili yatumike wakati wa kiangazi, limejaa mashapo kwa kiasi kikubwa, na mashapo hayo si kitu kingine ila ni rutuba ya mashamba ya juu. Kwa maneno ya kiuchumi, mkulima wa mteremkoni amepoteza mtaji wake, na mtaji huo umeshuka bondeni ukageuka kuwa hasara kwa mzalishaji wa umeme. Ukisonga mbele kidogo, mashapo yaleyale huinua sakafu ya mto huko Nyatike, kina kinapungua, na maji ambayo zamani yangepita ndani ya kingo sasa hutapakaa mashambani. Kuta za udongo zinazojengwa kuyazuia hubomoka na kujengwa tena, wakati mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa Kuja ya Chini, uliojengwa kwa fedha za umma, unategemea mto huohuo usiwe na maji mengi mno wala machache mno.

Mto Sondu, unaopakana na Homa Bay kwa upande wa kaskazini, unatoa funzo linalofanana na hilo. Mtambo wa Sondu-Miriu, wenye uwezo wa megawati 60 na ulioanza kazi mwaka 2008, ni wa aina inayotumia mtiririko wa mto wenyewe bila kutegemea bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Mtambo wa namna hiyo kwa hakika una bwawa, ila bwawa lake ni Msitu wa Mau, ulio mbali sana na mitambo yenyewe, unaonyonya mvua na kuiachia polepole hata katika miezi ya ukame. Msitu ukipungua, maji hushuka kwa wingi siku ya mvua na kukauka wiki zinazofuata, na megawati 60 zilizoandikwa kwenye karatasi hubaki kwenye karatasi. Mabadiliko ya tabianchi, ambayo katika ukanda huu hujitokeza zaidi kwa mvua kubwa zinazonyesha kwa muda mfupi na vipindi virefu vya ukame katikati yake, yanaiongezea thamani kazi ya kuyapunguza maji kasi. Kadiri mvua inavyokosa mpangilio, ndivyo sifongo la asili linavyozidi kuwa ghali kulikosa.

Sifongo la mwisho kabla ya ziwa ni kinamasi cha mafunjo. Mafunjo ni mmea mrefu wa jamii ya nyasi za majini, ambao Wajaluo huuita togo na kuufuma mikeka, na ambao huota kwa msongamano mkubwa kwenye midomo ya mito na katika ghuba zilizotulia, ukiwemo ukanda unaozunguka Kendu Bay na mdomo wa Kuja. Mizizi yake hushikana na kufanya zulia nene linaloelea, ambalo hupunguza mwendo wa maji, hukamata udongo, na hufyonza naitrojeni na fosforasi zinazotokana na mbolea na majitaka. Virutubisho hivyo visipofyonzwa huingia ziwani na kulilisha gugumaji, mmea wa kigeni uliofika katika maji ya Kenya ya Ziwa Viktoria karibu na mwaka 1990, ambao mwishoni mwa muongo huo ulikuwa umeziziba ghuba kiasi cha kuwazuia wavuvi wasitoke na boti zisitie nanga. Serikali ililazimika kuleta fukusi wanaokula gugumaji na kukodi mashine za kulikatakata. Gharama hiyo yote ilikuwa, kwa sehemu fulani, bili ya vinamasi vilivyokwisha kulimwa. Mafunjo pia ni mahali pa kukulia samaki: kamongo na mumi huishi humo, na vifaranga vya ngege hujificha humo dhidi ya mbuta, samaki mkubwa mla samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Kenya hufunga uvuvi wa omena tangu Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki hao wazaliane, na wavuvi huubeba mzigo wa miezi hiyo 4 bila kipato cha kawaida; hata hivyo, hatua ya namna hiyo haiwezi kuwasaidia samaki wanaozaliana katika vinamasi iwapo vinamasi vyenyewe vinachomwa moto na kupandwa sukumawiki na nduma.

Kuhusu kaboni, mafunjo yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko yanavyotazamwa sasa. Uchunguzi uliofanywa na mtafiti Michael Jones na mwenzake katika Ziwa Naivasha ulionyesha kwamba kinamasi cha mafunjo kinaweza kuhifadhi takriban kilo 1.6 za kaboni kwa kila mita mraba kwa mwaka, ambazo ni sawa na tani 16 kwa hekta, mradi mabaki ya mmea yanabaki chini ya maji ambako hewa ya oksijeni haifiki na uozo huenda polepole. Maji yakishuka au kinamasi kikitolewa maji, mambo hugeuka: mabaki yaleyale huanza kuoza kwa kasi na kutoa takriban kilo 1 ya kaboni kwa mita mraba kwa mwaka. Hekta ya mafunjo iliyokaushwa ili ilimwe kwa hiyo haiachi tu kuweka akiba; inaanza kuitumia akiba ya miaka mingi iliyopita. Ni haki kuongeza kwamba vinamasi hutoa pia methane, gesi yenye nguvu ya kuongeza joto kuliko kaboni dioksidi, na kwamba hesabu kamili ya faida yake kwa tabianchi lazima iitoe gesi hiyo. Wanaoviuza vinamasi kama dawa isiyo na dosari wanaidhuru hoja yao wenyewe.

Swali la kaboni humfikisha msomaji kwenye soko la kaboni, na hapa tahadhari inahitajika. Soko hilo hufanya kazi kwa kuuza hati, kila moja ikiwakilisha tani moja ya kaboni dioksidi iliyozuiwa isiingie angani au iliyoondolewa humo, kwa makampuni na watu wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Kenya ina mifano inayotajwa duniani kote. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa tangu mwaka 2013 ukiuza kaboni ya mikoko ya hekta 117, na mapato yake yamelipia maji na vifaa vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Magharibi mwa Kenya, mradi wa kilimo ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry kwa ushirikiano na Benki ya Dunia ulipata mwaka 2014 hati za kwanza za kaboni ya udongo kutoka kwa wakulima wadogo wanaochanganya miti na mazao. Yeyote anayetaka kuuiga mradi huo Rongo, Rangwe au Ndhiwa afahamu, hata hivyo, kwamba fedha za kaboni zilipogawanywa kwa maelfu ya kaya zilikuwa kidogo sana kwa kila moja. Faida iliyomshika mkulima ilikuwa mahindi zaidi kutoka kwenye udongo uliorudishiwa mboji. Sheria nayo imejaribu kumlinda mwananchi: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka miradi ya kaboni inayohusu ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za uendeshaji, na makubaliano ya maendeleo ya jamii yasajiliwe.

Lakini jamii ipi? Katika Kwale, mikoko ni msitu wa serikali ambao jamii imepewa kibali cha kuusimamia kwa pamoja. Katika Migori na Homa Bay, sehemu kubwa ya ardhi imegawanywa katika mashamba madogo yenye hatimiliki za watu binafsi, na kinamasi kiko mahali fulani kati ya shamba la mtu na maji ya ziwa, ambayo kwa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 ni ardhi ya umma. Ziwa linaposhuka, mpaka wa shamba husogea mbele. Linapopanda, mwenye shamba huomba msaada. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu vinamasi na kingo za mito na maziwa zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe kando ya mto, na utekelezaji wake unajulikana na kila anayeziona bustani za mboga na mikaratusi zilizofika hadi ukingoni. Mpaka huu usio wazi ndio kizuizi kikubwa zaidi kuliko ukosefu wa wanunuzi wa kaboni.

Vilimani hali ni tofauti kidogo. Bonde la Lambwe liliepuka jembe kwa muda mrefu kwa sababu ambayo hakuna mwanamazingira angeichagua, nayo ni mbung'o, ambaye maradhi yake ya malale yaliwaua watu na ng'ombe. Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma mwaka 1983, lenye ukubwa wa kilomita mraba 120. Humo wamebaki korongo, swala wakubwa ambao Wajaluo huwaita omoro, wakiwa kundi dogo la mwisho katika Kenya nzima. Mapato ya utalii ya Ruma hayawezi kulinganishwa na ya Maasai Mara, na anayeipima kwa tiketi za lango pekee ataiona mzigo. Thamani yake kubwa iko katika nyasi na vichaka vinavyopokea maji ya vilima vya Gwassi na kuushikilia udongo wa bonde ambalo upande wake mwingine tayari umelimwa.

Upande wa Kuria na Suna, mzigo kwa misitu umetoka kwenye tumbaku. Zao hilo hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni hizo hutoka vilimani bila kuonekana katika bei anayolipwa mkulima wala katika faida inayotangazwa na mnunuzi. Mwaka 2022 serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, ya chakula na kilimo, na ya mpango wa chakula yalianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, huku soko likihakikishwa. Huo ni mfano mzuri wa sera ya mazingira isiyojiita hivyo: mkulima anabadili zao kwa sababu ya bei, na kilima kinapata nafuu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Nyatike, wanaotumia magogo kuimarisha mashimo na zebaki kunasa dhahabu, bado hawajapewa njia mbadala yenye mvuto wa namna hiyo.

Yote hayo yanarudi kwenye tatizo lililotajwa mapema, kwamba anayelipa gharama na anayepata faida hawaishi pamoja. Mkulima wa Nyamira akiacha ukanda wa majani kando ya mto, anapoteza safu kadhaa za mahindi. Anayenufaika ni mkazi wa Nyatike asiyemfahamu. Hakuna mahubiri yatakayoziba pengo hilo, ila malipo. Naivasha imekuwa na utaratibu ambapo watumiaji wa maji wa bondeni huwapa wakulima wa juu, katika maeneo kama Wanjohi, vocha za pembejeo kwa kuhifadhi udongo. Nairobi ina Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, ulioanzishwa mwaka 2015 baada ya uchambuzi kuonyesha kwamba dola milioni 10 zitakazotumiwa kuhifadhi miteremko zingerudisha dola milioni 21.5 katika kipindi cha miaka 30, kutokana na umeme zaidi, maji safi zaidi na mavuno bora. Mto Kuja una kila kiungo cha mpango wa namna hiyo: mzalishaji wa umeme, mradi wa umwagiliaji, kampuni ya sukari ya Sony huko Awendo, miji inayoteka maji, na wakulima wa juu wasio na sababu ya kifedha ya kubadilika. Kinachokosekana ni meza moja ya kukalia, na hata hiyo ipo nusu, kwa kuwa Kisii, Nyamira, Migori na Homa Bay zote ni wanachama wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa yenye kaunti 14. Narok, inakotoka sehemu ya maji ya Mto Migori, haimo, na ingefaa ialikwe kwa jambo hili.

Kwa hiyo soko la kaboni liwe nyongeza, lisiwe msingi. Thamani kubwa ya mafunjo ya Kendu Bay na nyasi za Lambwe haiko London wala New York. Iko katika kuta zisizobomoka, mitambo isiyojaa tope, nyavu zisizorudi tupu na fedha za dharura ambazo kaunti haitalazimika kuzitoa. Thamani hiyo inaweza kuingizwa katika bajeti kwa hatua ya kawaida kabisa: kinamasi kiandikwe katika rejesta ya mali za kaunti kama inavyoandikwa hospitali au barabara, kiwe na gharama ya matunzo, na kila anayeomba kukikausha aonyeshe atakachojenga kufanya kazi yake. Mipango Jumuishi ya Maendeleo ya Kaunti inayotumika sasa inakamilika mwaka 2027, na itakayofuata itaandaliwa kwa maoni ya wananchi kama sheria inavyotaka. Wakazi wa Nyatike, Karachuonyo, Suba na Kuria wahudhurie mikutano hiyo na kudai kwamba mito, vinamasi na vilima vyao vitajwe kwa jina na kwa shilingi.